Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Afya Mombasa: Kutuliza Uchungu na Kuuharakisha Ni Mambo Mawili

Kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa, Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti, na wasimamizi wote wa wodi za kujifungulia katika hospitali na zahanati za umma.

Kuh: Njia za kuwapunguzia wazazi maumivu na muda wa uchungu

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mkunga mstaafu. Kazi hii nimeifanya miaka 31, sehemu kubwa hapa Pwani, na watoto waliopita mikononi mwangu siwezi kuwahesabu. Baadhi yao hunisimamisha sokoni Kongowea wakanisalimu, nao wamekwisha kuwa na watoto wao. Nilipokuwa kazini sikuwahi kuandika barua ya namna hii, na jambo hilo linanisumbua, kwa sababu mengi nitakayoyasema niliyaona kwa macho yangu na mengine niliyatenda kwa mikono yangu. Kilichonishikisha kalamu ni usiku mmoja wa mwaka jana, binti yangu aliposhikwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza, nami nikabaki nje ya lango pamoja na uzoefu wangu wote, nisiruhusiwe hata kumshika mkono.

Kituo chenyewe sitakitaja, kwa kuwa sitaki barua hii igeuke kesi ya wauguzi waliokuwa wamechoka. Yaliyomkuta ni haya. Alifika saa tatu usiku, njia ikiwa imefunguka sentimita tatu. Akalazwa chali na kuambiwa asishuke kitandani. Ilipofika saa sita, njia ikiwa haijafika sentimita tano, akatundikiwa dripu ya uchungu. Mkunga wa zamu alikuwa peke yake, na wazazi aliokuwa akiwahudumia walikuwa saba. Binti yangu anasema ulifika wakati uchungu uliacha kuja na kuondoka. Ukawa mmoja tu, usio na mwanya wa kuvuta pumzi. Alipoita aliambiwa ajikaze, si yeye wa kwanza kuzaa. Mtoto alitoka alfajiri akiwa amelegea, akasaidiwa kupumua, na leo, alhamdulillahi, anatambaa. Mama yake alishonwa bila ganzi.

Nimeyatafakari haya kama mama na kama mkunga, na pande zote mbili zimenifikisha mahali pamoja: binti yangu alipewa cha kumharakisha, hakupewa chochote cha kumtuliza. Katika wodi zetu mambo haya mawili yamechanganywa kwa muda mrefu hata yanadhaniwa kuwa ni jambo moja. Kutuliza humtazama mzazi: anaumwa kiasi gani, anaogopa nini, yuko na nani. Kuharakisha hutazama saa ya ukutani, na pengine kitanda kinachongojewa na mwingine. Mara nyingi kutuliza huleta wepesi wenyewe, kwa kuwa aliyetulia hufunguka upesi kuliko aliyejaa hofu. Kuharakisha hakuleti utulivu. Dripu huuzidisha ukali wa uchungu, na anayeitundika bila kumpa mzazi chochote cha kuupunguza amemwongezea mzigo bila kumwongezea nguvu.

Naomba nianze na hiyo dripu, kwa sababu ndiyo inayotumiwa kwa wepesi zaidi na ndiyo yenye hatari zaidi. Dawa iliyomo, oksitosini, ni miongoni mwa neema kubwa za tiba. Mwaka 1906 Henry Dale wa Uingereza aligundua kwamba majimaji ya tezi iliyo chini ya ubongo hukaza mji wa uzazi. Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud aliitengeneza dawa hiyo maabarani nchini Marekani, na mwaka 1955 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia. Sindano ya yuniti 10 baada ya mtoto kutoka huzuia damu kumwagika, na kwa matumizi hayo sina neno. Neno langu ni juu ya dripu inayotundikwa kabla mtoto hajatoka.

Kila mji wa uzazi unapokaza, mishipa inayopeleka damu kwenye kondo hubanwa, na mtoto huishi kwa akiba yake mpaka ukaze huo ulegee. Mwanya kati ya uchungu na uchungu ndio pumzi ya mtoto. Ndiyo maana dripu huanzishwa kwa matone machache, ikaongezwa kidogo kidogo kila baada ya nusu saa, mpaka mzazi apate uchungu mara tatu ndani ya dakika 10, kila mmoja ukidumu zaidi ya sekunde 40. Ukifika huko matone hayaongezwi tena. Ukizidi mara tano ndani ya dakika hizo 10, dripu hufungwa papo hapo. Mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa angalau kila nusu saa njia inapofunguka, na kila dakika 5 mama anaposukuma, na mzazi mwenye dripu haachwi peke yake hata kidogo. Hizi ni kanuni ninazozijua tangu nikiwa mwanafunzi. Sasa niambieni, waheshimiwa, mkunga mmoja mwenye wazazi saba atazitimiza vipi? Asipoweza kuzitimiza, kuitundika dripu hiyo ni kumweka mtoto hatarini kwa sababu ya saa.

Wapo pia wasiofaa kabisa kuwekewa dripu hiyo bila daktari na chumba cha upasuaji kuwa karibu: aliyewahi kupasuliwa, kwa kuwa kovu linaweza kuachana, na aliyezaa mara nyingi, ambaye mji wake wa uzazi umechoka. Mwenye mtoto aliyekaa kingamo hafai kuwekewa kabisa. Na yupo yule ambaye kichwa cha mtoto hakipiti kwenye nyonga yake. Dripu haipanui nyonga. Kwa mama kama huyo kuharakisha huficha tatizo kwa saa kadhaa, na saa hizo ndizo zinazosababisha mji wa uzazi kupasuka au kumwachia nasuri, akavuja mkojo na kutengwa na watu. Mama wa Likoni anayepewa rufaa ya kuja kisiwani ana feri ya kuvuka, basi uamuzi wake unapaswa kufanywa mapema, si baada ya chupa ya tatu.

Kuna jambo jingine la hapa kwetu ambalo sijalisikia likisemwa kwa sauti. Oksitosini huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Mombasa tunaijua. Umeme unapokatika na friji ikawa kabati tu, au dawa ikashinda juu ya meza ya wodi, nguvu yake hupungua pasipo mabadiliko yoyote ya kuonekana kwa jicho. Nimewaona wakunga wakiongeza kipimo kwa sababu dawa ya jana haikufanya kazi, kisha likafunguliwa boksi jipya lililotoka kwenye baridi nzuri, na kipimo kile kile kilichozoeleka kikawa kikubwa mno. Kipimajoto ndani ya friji, daftari la kuandika nyuzi asubuhi na jioni, na betri au jenereta ya wodi ni gharama ndogo. Ipo sasa dawa ya kuzuia damu isiyoharibiwa na joto, karbetosini, ambayo utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha haizidiwi na oksitosini katika kazi hiyo. Ninaomba iletwe, lakini wauguzi wafundishwe vizuri kwamba ni ya baada ya mtoto kutoka tu na haiwekwi kamwe kwenye dripu ya uchungu. Na vidonge vya misoprostoli vya mikrogramu 200 visikatwe vipande kwa wembe kutafuta mikrogramu 25 za kuanzishia uchungu. Vipo vidonge vya kipimo hicho, vinunuliwe.

Mtaniuliza: je, uchungu ukichelewa tukae tukitazama? La. Lakini kwanza tuulizane umechelewa kwa kipimo cha nani. Kizazi changu kilifundishwa kwamba njia hufunguka sentimita moja kila saa, na anayepungukiwa na hapo ana tatizo. Kipimo hicho kilianzia kwa Emanuel Friedman, aliyechora mwendo wa uchungu wa wanawake wa New York miaka ya 1950. Mwaka 1972 Philpott na Castle, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, wakakigeuza chati ya kuwasaidia wakunga walio mbali na daktari wajue mapema nani wa kupelekwa hospitali kubwa. Chati ile iliokoa watu wengi, nami naiheshimu. Lakini utafiti wa wanawake zaidi ya 5,000 wa Nigeria na Uganda, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba wengi hufunguka polepole kuliko hivyo, hasa kabla ya sentimita tano, na wakajifungua salama wao na watoto wao. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba uchungu hasa uhesabiwe kuanzia sentimita tano. Kwamba kutoka hapo mzazi wa kwanza anaweza kuchukua hadi saa 12 na aliyekwisha kuzaa hadi saa 10. Na kwamba mwendo wa chini ya sentimita moja kwa saa peke yake si sababu ya kuharakisha. Mwaka 2020 ikafuata chati mpya, inayomtaka mkunga aandike pia kama mama ana mwenzake, kama anakunywa, kama amepewa cha kupunguza maumivu. Binti yangu, kwa mwongozo huo, alikuwa hajafika hata kwenye mstari wa kuanzia alipotundikiwa dripu.

Hapa ninawatetea wakunga wenzangu. Wao wana mtego ambao hawakuutega. Mzazi akija na sentimita tatu, wakimpokea anakalia kitanda na saa inaanza kumhesabia. Wakimrudisha nyumbani huenda akazalia kwenye tuktuk usiku wa manane, ndugu wakalaumu, nao wakaitwa kujieleza. Basi humlaza, na akishalazwa huonekana amechelewa. Dawa ya mtego huo ni mahali pa kungojea ndani ya uwanja wa hospitali: ukumbi wenye kivuli, viti vya kuegemea, mikeka, choo safi na maji, ambapo mama wa sentimita mbili au tatu atatembea na kuketi na jamaa zake, akaangaliwa kila baada ya muda, bila kuhesabiwa kuwa yumo wodini. Tangu Juni 2013, malipo ya kujifungua yalipoondolewa katika hospitali za umma, wazazi waliongezeka kuliko nafasi. Baraza ya kungojea ni rahisi kuijenga kuliko wodi, nayo hupunguza dripu zisizo na sababu kuliko waraka wowote.

Sasa nije kwenye jambo ninalolishikilia kuliko yote, nalo halina dawa wala mashine. Mimi mtoto wangu wa kwanza nilimzaa nyumbani kwa bibi yangu, kabla sijawa mkunga. Somo wangu, yaani kungwi wangu, aliketi nyuma yangu usiku kucha. Kila uchungu ulipokuja alinikanda kiuno kwa mafuta ya uto, na ulipokwenda alinifuta jasho kwa leso na kunisemesha. Sisemi turudi majumbani. Nimewaona waliokufa kwa damu wakiwa mikononi mwa wakunga wa jadi wenye mapenzi tele na wasio na sindano. Nasema kwamba tulipowahamishia wazazi hospitalini tuliwaacha makungwi wao langoni, na hilo halikuwa na sababu ya kitabibu.

Utafiti umekuja kuthibitisha alichokijua somo wangu. Mwaka 1980 ulitolewa utafiti kutoka Guatemala, katika hospitali iliyojaa kama zetu: wazazi wa kwanza ambao walikuwa na mwanamke wa kuwaliwaza, asiye muuguzi wala daktari, walichukua wastani wa karibu saa 9, na walioachwa peke yao karibu saa 19. Mwaka 2017 zilikusanywa tafiti 26 za nchi 17, zenye wanawake zaidi ya 15,000. Zilionyesha kwamba aliye na mtu wa kukaa naye mfululizo hujifungua kwa njia ya kawaida mara nyingi zaidi, hupasuliwa mara chache zaidi, huhitaji dawa za maumivu kidogo zaidi, na uchungu wake hufupika. Dawa ingekuwa na sifa hizo tungeigombania bandarini kabla haijapakuliwa.

Sababu inayotolewa langoni ni sitara: wazazi wako wazi, vitanda vimekaribiana, jamaa wa huyu atamwona yule. Sababu hiyo ni ya kweli, na katika mji wetu ni nzito, maana hakuna mwanamke wa Mombasa anayetaka kuonekana na mume wa jirani katika hali ile. Lakini jibu lake ni pazia. Waya wa kupitisha pazia kati ya kitanda na kitanda, na kanuni kwamba katika wodi ya wazi mwenzake mzazi awe mwanamke, mmoja tu, aliyechaguliwa na mzazi mwenyewe na kuandikwa kwenye kijitabu cha kliniki tangu mimba ina miezi saba, akaelezwa mapema kazi yake na mipaka yake. Mkunga aliye peke yake atapata mikono saba ya kufuta jasho na vinywa saba vya kumwita pale hali inapobadilika. Anayehofia kwamba jamaa wataona mambo ya wodini, basi kwa maoni yangu mambo hayo ndiyo ya kurekebisha.

Pamoja na mwenzake, mzazi aruhusiwe kusimama. Tafiti 25 zilizojumlishwa mwaka 2013 zilionyesha kwamba wanaotembea, kusimama, kuketi au kupiga magoti hufupishiwa hatua ya kwanza ya uchungu kwa saa moja na zaidi kuliko waliolala. Kulala chali hulaza uzito wa mtoto juu ya mishipa mikubwa ya damu ya mama na kumnyima mtoto hewa. Mzazi mwenyewe akiachiwa hakai hivyo. Aruhusiwe kunywa pia, na kula kidogo akitaka, iwapo hana hatari ya kupasuliwa. Uji mwepesi, tende, maji ya dafu, ni vitu vinavyouzwa mlangoni pa kila hospitali ya mji huu, na huko ndani watu wanakaushwa midomo kwa muda wa saa kumi na mbili kisha wanawekewa maji ya mshipa, ambayo Shirika la Afya Duniani halipendekezi yatumiwe kufupisha uchungu. Kitambaa cha maji ya moto kiwekwe chini wakati wa kusukuma. Hupunguza maumivu na kuchanika kubaya. Maji ya moto yanataka birika tu.

Yapo, hata hivyo, maumivu yasiyotulizwa na mkono wala na maneno mema, na hapo mzazi ana haki ya dawa. Nimesikia mara nyingi, hata kwa wenzangu, kwamba uchungu umeandikwa na kuuondoa ni kushindana na maumbile. Hoja hiyo ni ya zamani. James Young Simpson alipotumia klorofomu kwa wazazi Edinburgh mwaka 1847, wapo waliompinga kwa jina la dini. Miaka sita baadaye, mwaka 1853, Malkia Victoria alipewa klorofomu na John Snow akimzaa mwanawe Leopold, na ubishi ukapungua. Sisi hatuhitaji malkia. Dini zetu zote hapa Pwani zinatufundisha kutafuta dawa, na kisa cha Bi Maryamu chini ya mtende kila mtoto wa madrasa anakijua: uchungu ulipomzidi, aliletewa maji na tende na maneno ya kumtuliza, hakuambiwa ajikaze.

Dawa iliyo karibu zaidi nasi ni pethidini. Sindano moja ya msuli huanza kufanya kazi baada ya dakika 20 hivi na kudumu saa mbili hadi nne. Haiondoi maumivu yote. Humpa mama nafasi ya kupumzika kati ya uchungu na uchungu. Ina kasoro: hutia kichefuchefu, na ikitolewa karibu na mtoto kutoka humfanya mtoto azubae na kupumua kivivu, kwa hiyo naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya pethidini, na vifaa vya kumsaidia mtoto kupumua viwe mezani kabla ya sindano kutolewa. Mkunga wa Uingereza ameruhusiwa kuitoa tangu mwaka 1950. Kwetu, katika vituo nilivyofanya kazi, ilifungiwa kwenye kabati la dawa zinazodhibitiwa, ikawa ya waliopasuliwa tu, na mzazi wa kawaida hakuambiwa hata kwamba ipo. Udhibiti ni lazima. Ufunguo uwe na mtu wa zamu ya usiku.

Kuna gesi pia, mchanganyiko nusu kwa nusu wa naitrasi oksaidi na oksijeni, ambao mama huvuta mwenyewe kwa kinyago akikishika kwa mkono wake, akianza uchungu unapochipuka na kukiachia unapokwenda. Hutoka mwilini kwa dakika chache na haimlevyi mtoto. Wanawake wa Uingereza na Sweden wanaitumia kwa miongo mingi. Inataka mitungi, vinyago safi na chumba kinachopitisha hewa. Ningefurahi kuona kaunti ikiijaribu katika hospitali moja, mwaka mmoja, ikapima. Epidurali, sindano ya ganzi kwenye mgongo, ndiyo inayotuliza kuliko zote, na wenye uwezo wanaipata katika hospitali za kulipia za mji huu huu. Haifupishi uchungu, hatua ya kusukuma huweza kurefuka kidogo. Inahitaji daktari wa nusukaputi na uangalizi wa karibu, kwa hiyo sitadai iwe katika kila zahanati. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, yenye madaktari hao, inaweza kuanza na wale wanaoihitaji kwa sababu ya afya, kama wenye presha au moyo.

Kuhusu ganzi ya kushonea sina mjadala. Lidokaini ni dawa ya bei ndogo, inajulikana na kila muuguzi, haihitaji friji. Kumshona binadamu nyama bila ganzi kwa madai kwamba uchungu wa kuzaa ulikuwa mkubwa kuliko huu ni ukatili, na mimi niliyewahi kufanya hivyo usiku ambao dawa zilikuwa zimeisha ninalisema hili nikiwaomba radhi wale mama.

Yako mengine yanayofanywa kwa nia ya kufupisha uchungu na yangepaswa kukoma kwa agizo lenu: kumkandamiza mama tumbo ili mtoto atoke, jambo linaloweza kupasua mji wa uzazi, kumkata kila mzazi wa kwanza ili kumwongeza njia, kupasua chupa ya maji mapema bila sababu, kumpiga kila anayeingia sindano ya hayosini, dawa ya kulegeza misuli. Na makofi ya mapajani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru mama mmoja alipwe shilingi milioni 2.5 kwa kuzalia sakafuni na kupigwa na wauguzi. Katiba, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, afya ya uzazi ikiwemo, na Jedwali la Nne limeweka vituo vya afya vya kaunti mikononi mwenu.

Kwa hiyo ninawaomba, kabla ya bajeti ijayo kusomwa, mtoe waraka wa kumruhusu kila mzazi kuwa na mwenzake, pamoja na fedha za mapazia. Mpige marufuku dripu ya uchungu mahali ambapo hakuna mtu wa kukaa na mama mpaka mwisho. Mkague friji za wodi zote na kutangaza matokeo. Lidokaini isikosekane siku hata moja. Na kila mama anapojifungua aulizwe, kabla hajaondoka, kama alipewa cha kumpunguzia maumivu, jibu lake likaandikwa na kuletwa kwenu kila mwezi. Hilo la mwisho halina gharama ila karatasi, na ndilo litakalowaonyesha kama mengine yametendeka.

Wakunga wa zamu ya usiku wakihitaji mtu wa kuwaonyesha namna ya kumkanda mzazi kiuno, namna ya kumsimamisha mwenye dripu bila kuing'oa, au namna ya kumfundisha mwenzake mzazi kazi yake kwa robo saa, nipo Kisauni na bado nina nguvu. Nitakuja bila malipo, usiku wowote nitakaoitwa.

Wenu kwa heshima,

Mkunga mstaafu,
Kisauni, Mombasa